Tanzia zieleze maisha, si ulemavu pekee

Mhariri,

Naandika kuhusu lugha ya tanzia za watu walioishi na ulemavu. Dada yangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Alipofariki, gazeti moja lilichapisha kwamba "amepumzika baada ya mateso ya maisha yote."

Mateso yapi? Hali hiyo huathiri misuli na mwendo. Si lazima iguse akili. Dada alitamka maneno polepole, na aliyekuwa na subira ya kumsikiliza alisimuliwa visa hadi usiku wa manane. Alishika hesabu za familia nzima. Alitulea sisi wadogo zake kwa ukali na kwa mapenzi makubwa, na hadi leo namkumbuka kila ninapotaka ushauri.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 8, unazitaka nchi zipige vita dhana potofu na kuvihimiza vyombo vya habari kushiriki. Naomba gazeti lako lianze na tanzia: wafiwa waulizwe kwanza marehemu alifanya nini na alipenda nini. Ulemavu utajwe, hatuuonei haya, ila usiwe habari yenyewe.

Mdogo wa marehemu