Bei ya kwenye menyu iwe ndiyo bei ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye migahawa ya vyakula vya Mediterania hapa Dar es Salaam, hasa ile ya kawaida ambayo mtu huingia na kandambili na watoto bila kuweka nafasi.

Chakula chao sina ugomvi nacho. Hivi karibuni tulikula kwenye mgahawa mmoja wa upande wa Masaki, watu wanne. Falafeli, vile vitonge vya dengu vya kukaanga, zilikuja zikiwa bado zinachoma vidole, ndani kijani kwa kotimiri. Hummus, yaani dengu zilizopondwa pamoja na tahini (ufuta uliosagwa), ilikuwa laini, imemiminiwa mafuta ya zeituni. Mama mkwe, aliyekuja shingo upande, alionja akasema hizi ni bajia zilizokwenda shule, kisha akasafisha sahani. Mhudumu naye alikuwa na subira ya kutueleza kila kitu kimetengenezwa na nini. Na kumbe vingi ni vya kwetu: dengu zinalimwa Shinyanga na Simiyu, ufuta wa kutengenezea tahini unatoka Lindi na Mtwara.

Tatizo ni bili. Kwa hesabu ya menyu tulikuwa tumekula 120,000. Karatasi ikaja na 153,600. Imeongezwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 18, yaani 21,600, na juu yake asilimia 10 ya huduma, 12,000. Nilipouliza, nikaoneshwa ukurasa wa mwisho wa menyu, chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani: bei hazijajumuisha kodi na huduma. Kile kisahani cha zeituni kilichowekwa mezani bila kuagizwa nacho kilikuwa ndani ya hesabu.

Meneja alijibu kwa upole kwamba wageni wa nje wamezoea hivyo. Wageni gani? Ugiriki, Hispania na Italia, ambako ndiko mapishi haya yanakojinadi kutoka, sheria za Umoja wa Ulaya zinataka bei anayooneshwa mlaji iwe na kodi ndani yake. Italia wana tozo ya meza wanayoiita coperto, lakini kodi haimshtukizi mtu wakati wa kuondoka.

Kodi yenyewe sikatai kulipa. Ninachotaka ni kuijua kabla sijaagiza, maana mwenye mshahara wa kawaida hupiga hesabu kichwani akiwa bado ameshika menyu. Na wenzangu wateja, msiridhike na ile karatasi ya bili. Daini risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, muangalie kama ina namba ya usajili wa VAT, ile VRN. Mfanyabiashara asiyesajiliwa hana haki ya kumtoza mtu VAT, hata aiandike kwa wino wa dhahabu.

Kuhusu hiyo asilimia 10, nilimuuliza yule mhudumu kama inamfikia. Akatabasamu tu, akaangalia kaunta. Nikampa chake mkononi.

Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, ingeanza na hizi menyu. Kuchapa upya kurasa chache zenye bei kamili si gharama ya kumfilisi mtu, na sisi tutarudi. Mama mkwe ameshauliza tunakwenda lini tena.

Mteja,
Sinza, Dar es Salaam