Mitaro ya Kisumu izibuliwe kuanzia mdomoni

Kwa Mhariri,

Masika yakikaribia, vibarua hupewa mabeleshi na makarai wazibue mitaro ya Kisumu. Kazi huanzia sokoni na kando ya barabara kuu, panapoonekana, na fedha huisha kabla ya kufika mtoni. Huko ni kuanza kinyume. Mtaro huzibuliwa kutoka mdomoni, pale unapomwaga maji kwenye mto Auji, mto Kisat au ziwani, halafu mtu akapanda nao hadi juu. Ukianzia juu, tope ulilolilegeza hubebwa na mvua ya kwanza likajae kwenye kalvati za chini, yaani mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara, na wakazi wa mtaa wa Nyalenda, huko chini, ndio wanaolala juu ya meza. Tope lenyewe libebwe kwa mkokoteni siku iyo hiyo. Likilundikwa ukingoni, mvua mbili tatu zinalirudisha ndani.

Lakini hata mtaro msafi haupitishi maji bila mteremko, na upande wetu huu wa ziwa ni tambarare. Mtaro wa udongo ushuke walau sentimita 5 kila mita 10. Ukipungua hapo mchanga hutua na nyasi huota. Kupima hakuhitaji mashine. Chukua mpira mwangavu unaozidi mita 10 kidogo, uujaze maji, uondoe mapovu yote ya hewa, kisha ushikilie kila ncha kwenye kigingi. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, tia alama. Kutoka kwenye alama, pima kwenda chini hadi sakafu ya mtaro: kipimo cha upande wa chini kizidi kile cha juu kwa sentimita 5. Fundi anayekadiria kwa jicho huacha vidimbwi, na mbu hawachelewi kuvipata.

Udongo wetu mweusi nao una tabia zake: hufura ukilowa, hupasuka ukikauka. Kuta za wima huporomoka, kwa hiyo zilazwe. Pasipo nafasi, zijengwe kwa mawe na kuachiwa matundu ya kutolea maji yaliyo nyuma yake, la sivyo udongo uliofura utausukuma ukuta uangukie ndani.

Wenye maduka na nyumba hulaza bomba lenye kipenyo cha sentimita 30 mbele ya lango kwa sababu bei yake ni nafuu. Wengi hudhani linapitisha nusu ya maji ya bomba la sentimita 60. Sivyo: kwa mteremko uleule linapitisha kama sehemu moja tu kati ya sita, na hasara humwangukia jirani wa juu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, ila chupa moja ya soda ikikwama humo na fundo la nyasi, kazi imekwisha.

Jambo linaloudhi zaidi ni gata zinazoelekezwa kwenye manholi, yaani mashimo yenye mifuniko ya bomba la majitaka. Paa la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 4,000. Nyumba 20 zikifanya hivyo, lita 80,000 zinaingia kwenye bomba lililokusudiwa maji ya choo na jikoni. Mifuniko huinuka, majitaka yakatapakaa vichochoroni, kisha lawama zote huenda kwa mvua. Gata ziishie kwenye tangi, na tangi likifurika maji yaende mtaroni.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua mijini. Basi zabuni za kuzibua zisihesabu kilomita peke yake. Zitaje kila mdomo, na kabla ya mkandarasi kulipwa, boza la maji limwagwe juu ya kila kipande huku mkaguzi akiwa amesimama chini. Maji yasipomfikia, hundi isubiri.

Fundi wa ujenzi,
Kisumu