Familia za wafanyakazi si vichekesho

Mhariri,

Vipindi vya televisheni vinavyodai kuonyesha maisha halisi vinajua familia ya kipato cha chini ya aina moja tu: inayogombana. Kamera hurekodi siku nzima, kisha zinachaguliwa dakika chache za matusi na kuongezewa muziki wa kejeli. Mama anayetoka kazini usiku na bado akakagua madaftari ya watoto hukatwa; eti hachekeshi.

Mwaka 2014 Channel 4 ya Uingereza ilirusha "Benefits Street", kipindi kuhusu mtaa mmoja ambako wengi waliishi kwa misaada ya serikali. Wakazi wa mtaa huo wa Birmingham walilalamika kwamba waliambiwa kipindi kingehusu ujirani mwema. Kilichorushwa kilikuwa na wizi wa madukani!

Wanaorekodiwa waonyeshwe kipindi kabla hakijaenda hewani, na wawe na haki ya kukipinga.

Mtazamaji