Betri za nano: tuambieni zinadumu muda gani

Mhariri, mimi ni fundi wa sola na betri na habari za nano (vitu vinavyotengenezwa vidogo mno) nazisoma zote mkitoa, ila kuna kitu kinanikera, kila siku ni betri inayojaa kwa dakika chache alafu basi, hakuna anayesema itachajiwa mara ngapi kabla haijafa. Juzi mteja kaniambia hanunui betri sasa hivi anasubiri ile aliyoisoma gazetini, nikakosa la kumjibu.

Chukua silikoni, ileile ya kwenye paneli za sola. Betri nyingi za lithiamu anodi yake (upande hasi, unaotunza lithiamu ukichaji) ni grafaiti, kaboni kama ya ndani ya penseli, na silikoni kwa uzito uleule inaweza kubeba lithiamu karibu mara 10 zaidi, sasa mbona haikujazwa humo tangu zamani? Kwa sababu ikimeza lithiamu inavimba mpaka karibu mara 4, ikiitoa inasinyaa, inavimba inasinyaa mpaka inapasukapasuka na betri imekwisha. Mwaka 2008 kundi la mwanasayansi Yi Cui kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, likaitengeneza kama vinyuzi vya kupimwa kwa nanomita (mita moja igawe mara bilioni), na kinyuzi chembamba hivyo kinavimba bila kupasuka. Kwa kweli mimi hii kitu naipenda sana, dawa imepatikana kwenye umbo tu, silikoni ni ileile! Lakini sasa ukifanya kitu kiwe kidogo hivyo, sehemu yake ya nje inayogusana na elektrolaiti (kimiminika cha ndani ya betri kinachopitisha lithiamu) inakuwa kubwa mno, utando unajijenga pale na kila mara ukichaji lithiamu kidogo inanaswa humo hairudi tena. Yani udogo uleule unaosaidia ndo unaokula betri.

Sola za perovskaiti (aina ya kristali inayopakwa nyembamba badala ya silikoni) nazo hivyohivyo, 2009 zilikuwa na ufanisi wa 3.8% na leo huko maabara zimepita 25%, safi kabisa, ila unyevu na joto vinaziharibu mapema, na nyingi zina risasi ndani, ile metali yenye sumu. Paneli ya silikoni ya kawaida watu wanaipa dhamana hata miaka 25.

Naomba waandishi wenu wakiletewa habari hizi waulize imechajiwa mara ngapi, ikabaki na asilimia ngapi, kwenye joto gani, na hicho kilichopimwa kilikuwa paneli nzima au kipande cha ukubwa wa kucha. Mkituandikia hayo, mteja wangu ataamua mwenyewe kama anunue sasa au asubiri.

Fundi, msomaji wenu