Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na Kisukari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako ni faraja kubwa kwetu.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki ya kisukari, tukisubiri kupimwa. Leo tuna katiba, usajili na akaunti ya benki. Mafanikio ni makubwa: tumenunua glukometa (kipimo cha sukari ya damu) na mizani, na bustani yetu ya mchicha ni mfano kwa kata nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunachojivunia zaidi ni elimu. Wapo wenzetu walioacha metfomini, dawa yetu ya kushusha sukari, baada ya kusikia mtaani kwamba inaharibu jeni na kwamba madhara yatarithiwa na watoto. Tukawaomba wauguzi na mwalimu wa baiolojia watufundishe. Sasa hata mwanachama wetu muuza genge anawaeleza wateja wake kwamba ini la mwenye kisukari aina ya 2 hutengeneza glukosi usiku kucha hata damu ikiwa na sukari ya kutosha. Metfomini huingia kwenye seli za ini na kupunguza kasi ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Nishati ikipungua, kimeng'enya kiitwacho AMPK huamka na kuizuia protini ya CRTC2, inayowasha jeni za kutengeneza sukari, isiingie kwenye kiini cha seli ziliko jeni hizo. Hapo jeni za PCK1 na G6PC, zenye maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vya kuunda glukosi, hupunguza kazi. Njia si hiyo tu: mwaka 2010 watafiti walionesha kwamba hata panya wasio na AMPK kwenye ini walishuka sukari kwa dawa hiyo. Lakini jeni zenyewe hazibadilishwi, wala mtoto harithi chochote kutokana na kidonge cha mzazi wake.

Mheshimiwa, kwa kuwa hazibadilishwi, dawa ikikatika jeni hizo hurudi kazini na ini huanza tena kumwaga sukari. Mgonjwa anayeambiwa dirishani "dawa imeisha, njoo mwezi ujao" haendi nyumbani kusubiri tu. Sukari yake inapanda huku akisubiri.

Na hapa ndipo penye kilio chetu kikubwa. Metfomini haivunjwi na ini, hutoka kwa mkojo ikiwa vilevile ilivyomezwa. Figo zikichoka, hurundikana mwilini, na asidi ya laktiki inaweza kuzidi kwenye damu hadi kuhatarisha maisha. Kwa hiyo mgonjwa anatakiwa kupimwa kreatinini, taka ya damuni inayoonesha figo zinavyochuja, kabla ya kuanza dawa, na baada ya hapo angalau mara moja kwa mwaka. Uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, dawa husimamishwa. Kituo chetu hakina kipimo hicho. Kwenye daftari la kliniki safu ya kreatinini ipo, imepigwa mstari kwa rula, na mbele ya kila jina kuna kistari. Wazee wetu wanameza dawa nzuri bila kujua hali ya figo zao, kwa sababu nauli ya kwenda hospitali ya wilaya na kurudi inawashinda.

Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi mashine, nasi tukapiga makofi. Tukachangishana, tukapaka chumba rangi, tukaweka soketi na kujenga meza ya vigae. Aliyemfuata akasema suala liko kwenye mchakato. Tunawashukuru wote wawili kwa maneno yao mazuri. Meza bado ni tupu.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba mashine ya kupima kreatinini, pamoja na vitendanishi vyake (kemikali za kupimia) na mtaalamu wa maabara wa kuitumia, maana mashine isiyo na vitendanishi itakuwa pambo. Tunaomba pia metfomini isikatike. Zaidi ya yote, tunaomba ututajie leo, mbele ya wananchi hawa, ofisi ya kufuatilia na mwezi wa kutarajia. Ufunguo wa chumba anao katibu wetu, na tunakuomba ukipitie kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.