Kwa mdogo wangu aliyepewa timu

Mdogo wangu,

Mama ameniambia wamekupa timu uifundishe huku bado unavaa jezi. Hongera. Mpira wa miguu unaujua kunizidi, kwa hiyo ngoja nikupeleke kwenye besiboli ya Marekani, kwa Frank Robinson.

Uchezaji wake sitauzungumza sana. Desemba 1965 Cincinnati Reds walimtoa kwa Baltimore Orioles, wakiona umri umeanza kumtupa mkono. Ana miaka 30! Msimu uliofuata akaongoza ligi kwa wastani wa kupiga na kwa mipira 49 aliyoitoa nje ya uwanja, na Orioles wakawa mabingwa. Sijui Reds walilalaje.

Tarehe 8 Aprili 1975, pale Cleveland, akawa meneja (yaani kocha mkuu) wa kwanza Mweusi katika ligi kuu, naye bado mchezaji. Kikosi alikipanga mwenyewe, akajiandika wa pili kwenye zamu za kupiga. Alipoingia mara ya kwanza tu, mpira ukavuka uzio. Cleveland 5, Yankees 3. Jackie Robinson, mchezaji Mweusi aliyefungua njia ya Weusi katika ligi kuu mwaka 1947 (hawana undugu), alikuwa amesema hadharani mwaka 1972 kwamba anatamani kuona meneja Mweusi, akafariki siku chache baadaye. Siku ya mechi ile ya Cleveland, mjane wake, Rachel, ndiye aliyerusha mpira wa ufunguzi.

Wasimuliaji wengi huishia hapo kwenye shangwe. Wewe angalia yaliyofuata. Yeye na mtupaji wao nyota, Gaylord Perry, hawakuiva chungu kimoja, na mwezi Juni, Perry akapelekwa timu ya Texas. Mwaka 1976 walishinda mechi 81 na kupoteza 78, si haba kwa timu ile. Juni 1977 wakamtimua.

Ila mimi namvulia kofia kwa mwaka 1988. Orioles walifungwa mechi sita za mwanzo, wakamfukuza meneja, wakamwita Robinson. Akafungwa nyingine 15 mfululizo! Kufikia mwisho wa msimu walikuwa na vipigo 107. Hawakumfukuza. Mwaka uliofuata, na vijana wengi kikosini, wakashinda 87, naye akachaguliwa meneja bora wa mwaka.

Sasa waulize wenye timu yako: ukifungwa tatu za mwanzo, itakuwaje? Waulize wiki hii, wakiwa bado wanakuchekea. Na yule mshambuliaji mkongwe unayetaka kumweka benchi, mwambie wewe mwenyewe, asilisikie kwa wenzake.