Wachoma nyama wa Arusha, leteni jiko mbele

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi marahaba. Mi ni msomaji wenu wa hapa Sakina, gazeti huwa nalisomea kwa kinyozi likishapita mikono mitatu minne, na leo nina jambo moja tu la nyama choma ila itabidi nianzie London ndo nirudi Arusha, nivumilie.

Mwaka jana nilienda kumsalimia mdogo wangu wa kike, ni nesi kule, miaka kumi na kitu sasa. Siku ya tatu nikamwambia haya masandwichi yenu ya baridi yamenishinda, tumbo linataka kitu cha moto. Akacheka, akasema kaka vaa koti nikupeleke kwa Waturuki. Tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka stesheni ya Manor House, tukaibukia kwenye barabara ndefu kweli inaitwa Green Lanes, tukaifuata mpaka sehemu ya Harringay, na hapo sasa ni hoteli ya Kituruki, duka la mboga, sonara, baklava zimepangwa dirishani kama matofali, afu hoteli nyingine tena. Mdogo wangu anasema waliotangulia ni Waturuki wa kisiwa cha Cyprus miaka ya 50 na 60, Wakurdi wakaja kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo ukimwita kila mtu Mturuki pale unaweza ukanuniwa. Dirisha moja kuna mama kakaa na kilemba chake anasukuma chapati kwa kijiti kirefu chembamba, anazijaza spinachi na jibini, wapita njia wamemkodolea macho na yeye wala hana habari nao.

Tuliingia hoteli ya aina wanayoita ocakbaşı, we tamka ojakbashi, maana yake kama kusema pembeni ya jiko. Na kweli jiko la mkaa liko humo humo ukumbini, refu kama kaunta ya benki, juu yake wameshusha dohani kubwa la shaba linanyonya moshi, na wateja wengine wamekaa kwenye viti virefu mbele yake. Mchomaji unamuona uso kwa uso, nyama yako unaiona iko wapi. Hawezi kukwambia inakaribia wakati unaona bado haijagusa moto.

Sijaagiza hata kitu, umekuja mkate wa moto, saladi na vitunguu. Hivyo vitunguu mhariri ndo vimenishikisha kalamu! Wamevichoma juu ya makaa mpaka vikalegea, wakavimwagia shira ya komamanga, nyeusi, ina utamu na uchachu kwa pamoja. Nikamnong'oneza mdogo wangu hivi nani kaagiza, akasema kula kaka, hapa hivi havilipiwi.

Nikachukua Adana, jina la mji wa kusini mwa Uturuki, ni nyama ya kondoo inayokatwakatwa kwa jisu lililopinda kama mwezi mchanga mpaka inalainika, inatiwa pilipili nyekundu na mafuta ya mkia, halafu inakandikwa kwenye chuma kipana kama upanga. Mafuta ya mkia wa kondoo mi nilicheka, bibi yangu alikuwa anayayeyusha kwenye sufuria kumpa mzazi, kumbe wenzetu wanatilia kebabu. Sasa muone yule kijana. Nyama ikianza kutoa machozi anachukua mkate, anaibana nayo palepale jikoni, mafuta yote yanaingia kwenye mkate, afu anaurudisha mkate motoni kidogo ndo anakuwekea sahanini. Hakuna tone la bure. Mtindi wao tu ndo ulinishinda, wanauita ayran, umezimuliwa maji na kutiwa chumvi, mtu niliyezoea mgando na sukari nikamsukumia mdogo wangu. Bili pauni kumi na sita kwa sahani yangu, nikabadilisha kwa shilingi kichwani, ikapita elfu hamsini, nikaacha kubadilisha.

Sasa turudi nyumbani. Nyama yetu haijashindwa, na hili siongei kwa ushabiki, mbuzi aliyelishwa Monduli akachomwa Kwa Mrombo kwa chumvi tupu yule kondoo wa London hamfikii. Ila wiki mbili baada ya kurudi nilikwenda sehemu moja upande wa Njiro, jina naliacha, na familia, tukaagiza kilo mbili za mbavu. Jiko liko uani nyuma ya choo. Kila nikiuliza naambiwa dakika kumi mzee, dakika kumi zikawa saa moja na dakika arobaini, watoto wameshajaza soda tumboni, na sinia lilipokuja ni shingo na mifupa ya mguu. Namuuliza mhudumu mbavu zangu ziko wapi, ananijibu mchomaji ndo anajua. Mchomaji mwenyewe simjui, sijawahi kumuona! Kwenye bili wameandika ndimu, mia tano. Ndimu jamani, Arusha hii.

Na AFCON ya 2027 hiyo, uwanja uko Olmoti, wageni watakula wapi kama si kwetu? Nasikia watu wanasema tujifunze kupika pizza, mi nasema tuacheni na pizza za watu, tutoe tu jiko uani.

Nilimwambia hivyo hivyo kijana anayechoma hapa jirani yangu. Akasema mzee moshi utawafukuza wateja, nguo zao zitanuka. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya lile dohani, akalivuta kwa vidole kalikuza, kimya, afu akauliza hiyo shaba bei gani. Shaba sahau, nikampeleka kwa fundi bati mmoja pale Mbauda, kasema kwa bati la kawaida analitoa ila bomba lazima lipite juu ya paa la jirani, na jirani mwenyewe ndo mimi.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha